Kifungu cha 14

Kifungu cha 14 cha masharti ya chama chetu nilikiandika mimi. Kinasema kwamba mwanachama mkazi atakayedaiwa mchango wa makazi kwa miezi mitatu mfululizo ataondolewa katika chumba. Sikukitunga. Nilikinakili kutoka kwenye mkataba wangu wa zamani wa kupanga, mkataba uleule ambao mwenye nyumba wangu alinionyesha siku alipotia kufuli lake juu ya kufuli langu, mimi nikiwa nje na begi la daftari na kesho yake nina mtihani. Palipoandikwa "mpangaji" nikaweka "mwanachama mkazi". Palipoandikwa "kodi" nikaweka "mchango wa makazi". Siku ya mkutano nilikisoma kwa sauti, na wanachama wote 22 wakanyoosha mikono. Hakuna aliyeuliza swali. Tukanywa soda, tukaagana.

Miaka miwili baadaye kifungu hicho kilimpata mtu, na mtu mwenyewe alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja. Tangu hapo kuna swali ambalo sijaweza kuliweka chini. Watu wakijikusanya na kumwondoa mwenye nyumba katikati yao, ile kazi yake ya kumfuata asiyelipa inakwenda kwa nani? Na anayeipokea anabaki mtu wa namna gani?

Chama chetu ni cha ushirika wa nyumba, na kiko Dodoma. Habari ya mji huu wengi mnaijua. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie hapa. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ramani zikachorwa, kisha miongo ikapita huku wizara zikibaki Dar es Salaam. Mwaka 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahama kweli. CDA ikavunjwa mwaka 2017, na Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika Dodoma mjini. Ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Hao walioongezeka hawakuja na nyumba mgongoni. Walikuja na mabegi, wakatafuta dalali, wakamlipa kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kuwaonyesha mlango, kisha wakamlipa mwenye nyumba miezi sita kwa mkupuo.

Sisi tulikuwa miongoni mwao. Alikuwepo fundi ujenzi, fundi cherehani, mlinzi, waendesha bodaboda wawili, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, dada mwenye mgahawa, na mimi niliyekuwa nimemaliza shahada ya kwanza bila kazi ya kudumu. Kilichotukutanisha kilikuwa upatu. Kila mwezi tunachanga, mmoja anapokea, na karibu kila aliyepokea alizipeleka fedha zile kwa mwenye nyumba wake. Mwalimu ndiye aliyeisema hesabu hiyo kwa sauti. "Wanangu," alisema, "fedha hizi tunazungushiana, lakini mwisho wa safari yake tunaujua. Kwa nini tusijenge huko mwisho?"

Yeye ndiye aliyetupa pia mfano wa Chamazi. Huko Dar es Salaam, wakazi wa Kurasini walipohamishwa kupisha upanuzi wa bandari, wenye nyumba walilipwa fidia. Wapangaji hawakulipwa, maana kwenye karatasi za tathmini hawakuwa wamepoteza kitu. Baadhi yao walikuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba. Wakachanga, wakanunua ekari 30 Chamazi, wakaunda ushirika wao wa nyumba. Mwalimu aliisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alimalizia hivihivi: "Hawakuwa na nyumba. Walikuwa na daftari la michango tu."

Kazi ya kuandika masharti nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa "msomi". Katika kusoma sheria ili nijue cha kuandika, nilikutana na jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Hati humpa mtu haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, na kila mwaka anatakiwa kulipa kodi ya pango la ardhi. Pango! Kumbe hata mwenye nyumba wangu, pamoja na kufuli lake, alikuwa mpangaji mwenye mkataba mrefu. Nikarudi nyuma zaidi, mpaka kijitabu cha Nyerere cha mwaka 1958, Mali ya Taifa, kinachotetea kwamba mtu anamiliki jasho aliloweka kwenye ardhi, wala si ardhi yenyewe. Nikasoma pia habari za mwaka 1971, Serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na wapangaji wakaamka wakiwa na mwenye nyumba mpya aitwaye Msajili wa Majengo. Hapo nikaona tofauti. Kubadilishiwa mwenye nyumba ni jambo moja, na kuishi bila mwenye nyumba ni jambo jingine. Sisi tulitaka hilo la pili. Nilidhani akiondoka yeye, na kufuli litaondoka naye.

Kwa hiyo tulijipanga hivi. Tuliandikishwa kwa Mrajis chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Tulinunua kiwanja Ihumwa, upande wa barabara ya Dar es Salaam. Hati ni moja, kwa jina la chama. Hakuna anayemiliki chumba. Kila mtu anamiliki hisa, na awe na hisa nyingi au chache, kura yake ni moja. Anayetoka anarudishiwa hisa zake, haruhusiwi kuuza chumba. Vyumba vinane vya kwanza tulivijenga kwa mkopo. Fundi wetu alisimamia, sisi wengine tukabeba maji na tofali kila Jumapili katika ule upepo wa Dodoma unaokujaza vumbi mpaka masikioni. Wa kuingia kwanza walipatikana kwa vikaratasi vilivyochanganywa ndani ya kofia ya mlinzi. Dada wa mgahawa alipata namba tano, mimi namba sita. Waliobaki 14 waliendelea kupanga mitaani wakingoja awamu ya pili.

Ili mjue kilichotokea, lazima muijue hesabu yetu. Kila mkazi analipa shilingi 60,000 kwa mwezi. Vyumba vinane ni 480,000. Rejesho la mkopo ni 400,000, na 80,000 zinazobaki ndizo za maji, taa za nje na matengenezo. Asipolipa mmoja, zinabaki 420,000 na mkopo unalipika. Wasipolipa wawili, ni 360,000, na hapo benki inatujua kwa majina. Maana yake ni kwamba chama chetu kinaweza kumbeba mtu mmoja. Hakiwezi kubeba wawili. Kwa hiyo kila aliyekuwa analipa alimtazama asiyelipa kama mtu aliyekalia kiti pekee cha dharura.

Dada alikuwa anawapikia vibarua wa ujenzi. Wali maharage, chapati, chai ya asubuhi. Mji mpya unalisha watu wa namna yake kwa kipindi chake. Jengo likikamilika, vibarua wanaondoka na wanaoingia ni watu wa ofisini, ambao hawakai kwenye mabenchi ya mbao pembeni ya barabara. Eneo alilokuwa anategemea lilikamilika mwezi wa nne. Kufikia mwezi wa nane alikuwa anadaiwa 240,000, na mimi, katibu, nilitakiwa kumpelekea barua.

Niliiandika jioni na kwenda usiku, watu wasinione. Nilijua hajalala kwa sababu ukuta wetu unapitisha kila kitu, hata kikohozi. Nilisimama mlangoni nikatambua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Mwenye nyumba wangu wa zamani alikuwa anagonga tu. Hakupiga hodi hata siku moja. Hodi ni ombi. Anayeipiga anakubali kwamba aliye ndani anaweza kukaa kimya, na ukimya huo ukaheshimiwa. Mimi nilikuwa nimebeba barua inayosema mlango huu si wako tena, halafu nataka kupiga hodi. Nikapiga.

"Karibu, mdogo wangu."

Akanimiminia chai. Niliinywa yote barua ikiwa mfukoni. Kikombe kilipoisha akaniuliza, "Umeileta?"

"Nimeileta, dada."

"Basi nipe. Usione haya, ndiyo kazi tuliyokupa."

Aliisoma taratibu, akarudia mstari mmoja kwa kidole. "Maneno haya nayajua," alisema. "Niliwahi kuandikiwa hivihivi nilipopanga Chang'ombe." Sikumjibu. Sikuwa na la kujibu.

Mkutano ulifanyika Jumapili iliyofuata. Kabla ajenda haijafunguliwa, dada alisimama akauliza, "Mwenyekiti, mimi napiga kura au nasubiri nje?" Mwalimu, ambaye ndiye mwenyekiti, alinigeukia mimi, na mimi nikafungua masharti. Hayakusema lolote. Mwanachama mmoja, kura moja. "Unapiga," alisema Mwalimu. Hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumuuliza yeyote kati yetu maoni yake juu ya kufukuzwa kwake. Sijui mpaka leo kama hilo lilikuwa heshima au adhabu.

Fundi alizungumza wa kwanza, na naomba msimwone mkatili. "Katibu ana huruma," alisema, "na huruma ni kitu kizuri. Lakini huruma yake inatoka mfukoni mwangu. Mwezi uliopita nimelala bila mboga ili nilipe. Mimi nani alinihurumia?" Akaongeza methali ambayo Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipokuwa anaeleza Ujamaa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Mtu mwingine akasema mbona amemwona dada na jiko jipya la gesi. Mwingine akauliza kama ni kweli mdogo wake anamtumia fedha kutoka Mwanza. Mwingine akataka kujua kwa nini asiuze jokofu. Dada alijibu kila swali huku akitazama chini. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mwenye nyumba wangu kwa namna ambayo sikuipenda. Yeye alitaka fedha tu. Hakutaka kujua nilikula nini wala nani ananitumia. Ubaya wake ulikuwa na mpaka. Sisi, kwa kuwa tulikuwa ndugu, hatukuwa na mpaka. Tulitaka fedha, na zikikosekana tulitaka maelezo, na maelezo yakitolewa tulitaka kuyapima.

Muhula huo nilikuwa nasoma kozi ya falsafa ya maadili, katika mwaka wa kwanza wa shahada yangu ya uzamili, na tulikuwa tumefika kwa John Rawls. Kitabu chake kikuu, A Theory of Justice, kilitoka mwaka 1971, mwaka uleule wa kutwaliwa kwa majengo. Anasema kanuni za haki ni zile ambazo watu wangezichagua wakiwa nyuma ya pazia, bila yeyote kujua atakuwa nani katika jamii hiyo: tajiri au maskini, mzima au mgonjwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisema moyoni, sisi tulifanya hivyo. Siku tunapitisha kifungu cha 14 hakuna aliyejua nani atashindwa kulipa. Vikaratasi vilikuwa bado havijaingia kwenye kofia. Pazia lilikuwepo.

Lakini kanuni iliyotoka nyuma ya pazia hilo ilikuwa ileile ya mwenye nyumba. Nadhani najua sababu. Kutojua peke yake hakutoshi. Rawls anamtaka mtu akae kwanza kwenye nafasi ya aliye chini kabisa, aitazame kanuni kutoka huko. Sisi hatukujua nani ataanguka, lakini kila mmoja alinyoosha mkono akijiona upande wa wanaolipa. Hata mimi, ambaye kufuli lilikuwa limenikuta miaka miwili tu kabla, nilipopewa kalamu nilishika upande wa aliyefunga. Hiyo ndiyo sehemu inayonisumbua. Mateso niliyopata hayakunifundisha kitu mpaka nilipopiga hodi mlangoni kwa mtu.

Mwalimu aliacha watu wamalize, kisha akasema mambo mawili. La kwanza: "Mwenye nyumba alikuwa anatusaidia jambo moja. Alikuwa anakuwa mbaya kwa niaba yetu. Sasa hayupo." La pili alimwelekea fundi. "Methali yako ni nzuri, mwanangu, ila isome vizuri. Haisemi siku ya tatu mfukuze. Inasema mpe jembe. Sisi tumempa jembe gani?"

Kukawa kimya. Yupo mwenzetu mmoja aliyekuwa namba tisa, baba wa watoto wawili anayeendesha bodaboda, na chumba kikiachwa wazi kingekuwa chake. Aliulizwa anasemaje. "Mimi nisiulizwe," alisema. "Nikisema abaki ninawanyima wanangu. Nikisema aondoke nina faida. Niacheni." Katika mkutano wote, naona huyo ndiye aliyejua kwa hakika amesimama wapi.

Tulichofikia baada ya saa tatu ni hiki. Kila mwanachama, mkazi na asiye mkazi, atachanga 3,000 kwa mwezi. Kwa watu 22 ni 66,000, inayotosha kukibeba chumba kimoja na chenji kidogo. Mwanachama aliyekwama atachukua hadi miezi mitatu kutoka mfuko huo, na atairudisha kwa fedha au kwa siku za kazi kwenye ujenzi wa awamu ya pili. Sharti nililopigania mimi ni moja: haulizwi sababu. Akisema nimekwama, imetosha. Fundi alipinga, akasema watu watadanganya. Inawezekana. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu msaada unaotaka kwanza uvue nguo mbele ya majirani, na niliona kwamba mtu anaweza kuokolewa chumba akapoteza kitu kingine ambacho chama hakiwezi kumrudishia. Miezi mitatu ikiisha na bado hajaweza, kifungu cha 14 kinabaki. Hatukukifuta. Hesabu ya 360,000 haibadiliki kwa sababu tunapendana.

Kura 13 zilikubali, 8 zilikataa, namba tisa hakupiga. Nilihesabu mikono mara mbili, kwa sababu mmoja wa iliyokataa ulikuwa wa dada. Nilimuuliza jioni. "Sikutaka watu 21 wakatwe elfu tatu halafu sababu iwe mimi," alisema. Nilimwambia sababu si yeye, ni yeyote kati yetu. Akacheka. "Kwenye karatasi ni yeyote, mdogo wangu. Kwenye macho ni mimi."

Miezi miwili baadaye aliniletea ufunguo. Alikuwa anakwenda Singida kwa dada yake, ambako kuna stendi na watu wanaokula. Chumba alikuwa amekipiga deki. Tukafanya hesabu ya hisa zake, tukatoa deni, nikamkabidhi kilichobaki, akasaini. Kwenye daftari la wakazi kuna safu inayoitwa "Sababu ya kutoka", na hapo kalamu yangu ilisimama. Kiswahili kinakupa maneno mawili kwa mlango mmoja: ameondoka na ameondolewa. La kwanza ni lake. La pili ni letu. Nilimuuliza niandike lipi.

"Andika nimeondoka."

Nikaandika "ameondoka", kwa kuwa ndivyo alivyosema na neno la mtu kuhusu maisha yake si langu kulisahihisha. Lakini kila ninapofungua daftari hilo ninaliona na lile jingine. Hatukumfukuza. Tulimpa mfuko, tukamwekea sharti la kutoulizwa, na bado tuliishi naye kwa namna iliyomfanya aone Singida ni karibu kuliko chumba cha pili kutoka kwangu. Kanuni nzuri inaweza kuuzuia mkono. Macho haiwezi kuyazuia. Hilo tunalidaiwa kila mmoja peke yake, na halina rejesho la mwezi.

Sisemi kwamba ingekuwa heri tubaki na wenye nyumba. Namba tisa ameshahamia, na usiku nasikia wanawe wakihesabu kwa sauti upande wa pili wa ukuta. Awamu ya pili imefika kwenye renta. Mwenye nyumba anaweza kumtoa mtu asimfikirie tena. Mimi nimeshindwa, na naona kushindwa huko ndiko faida ya ushirika wetu ambayo hatukuiandika kwenye maombi kwa Mrajis.

Ila kuna marekebisho nimeyaandaa kwa mkutano mkuu ujao. Kifungu cha 14 kinasema mwanachama "ataondolewa". Ataondolewa na nani? Sentensi haisemi. Ilifaa kwenye mkataba wa mwenye nyumba, ambako kila mtu alimjua. Kwetu inamficha mtendaji, na mtendaji ni sisi. Ninapendekeza isomeke: "Sisi wanachama tutamwondoa katika chumba, na tutakwenda wote kumwambia." Fundi ameshanitania kwamba maana ni ileile, nimebadilisha herufi tu. Nimemjibu sawa, kaka, basi siku hiyo kisome wewe kwa sauti.